Nyumba ya Mawe Niliyoishia Ngazini

Wifi yangu anaijua nyumba ya mawe kuliko anavyoijua Biblia, na Biblia anaijua. Nalisema hilo kwanza ili mtu asidhani nimekuja kubisha. Anajua ubao gani wa sakafu ulikuwa unalia ukiukanyaga. Anajua dirisha gani lilikuwa linakataa kufungwa mvua ikianza. Mimi nimeishi chini ya nyumba hiyo tangu nilipoolewa, nimechuma majani chai nikiitazama, nimeogesha watoto nikiitazama, na mpaka mwaka huu nilikuwa sijaingia ndani hata mara moja. Kwa hiyo mkiona wivu katika maneno haya, ni wivu. Sina jina lingine la kuupa.

Mimi sikusoma sana. Shule niliacha mapema, kaka zangu wakaendelea na mimi nikapewa jembe. Lakini jina la mtu sisahau. Wote waliopita katika nyumba hiyo nawajua, mzungu kwa mweusi, hata mbwa wao. Sitawaandika hapa, kwa sababu wengine wana wajukuu, na wajukuu wa siku hizi wana simu.

Nyumba iko juu ya kilima, upande wetu wa Nyamira, mahali ambapo ukungu unakuja asubuhi na kukaa mpaka watu wachoke kuungoja uondoke. Ilijengwa wakati wa wakoloni, kabla sijazaliwa. Aliyenisimulia ni baba mkwe wangu, yeye akiwa ameketi kwenye veranda na mimi nimesimama chini uwanjani, maana hivyo ndivyo tulivyozungumza siku zote, yeye juu na mimi chini, na macho yangu yakiangalia pembeni. Alisema kulikuwa na bwana mkubwa wa serikali aliyekuwa anashikwa na homa kila mara kule ziwani. Daktari wake akamwambia atafute mahali pa baridi. Akapanda mpaka kwetu, akakuta baridi ya kutosha hata ya kugawa. Chifu akatoa vijana wabebe mawe. Hawakuulizwa kama wanataka. Baba mkwe alikuwa mmoja wao, hajaoa bado, na alibeba mawe kichwani mpaka nywele za utosini zikakataa kuota tena. Alikuwa anavua kofia kutuonyesha.

"Ukiangalia ukuta wa upande jua linakotoka," aliniambia, "mawe ya chini yote nilibeba mimi. Ya juu yalibebwa na wavivu."

Mafundi walikuwa Wahindi. Waliyachonga mawe yakakaa pembe nne sawasawa, na ukuta wakaufanya mnene hivi kwamba ungeweza kumlaza mtoto dirishani na asianguke. Paa lilikuwa la mabati mazito yaliyopakwa rangi nyekundu, limesimama kama mtu aliyeinua mabega, wakati sisi sote tulikuwa tunaezeka nyasi. Veranda ilizunguka pande tatu, nguzo zake za mti wa mwangati ambao mchwa hauli. Sakafu ilikuwa ya mbao na imeinuliwa kutoka ardhini, chini yake upepo unapita, na baadaye kuku. Jiko lilikuwa mbali, nyuma, likiunganishwa na chumba cha kulia kwa njia yenye paa, ili bwana ale bila kunusa moshi.

Hilo la jiko liliwashangaza vijana waliobeba mawe. Nyumba kubwa hivyo na ndani hakuna mahali pa kupikia! Wakasema huyu bwana hana mke. Kumbe mke alikuwepo, amefungiwa ndani anatetemeka kwa baridi. Ndipo wakatumwa watu mpaka Tabaka kuagiza jiwe laini, lile jeupe lenye mishipa ya waridi, lichongwe kuwa meko ya ukutani ya kuotea moto. Walilileta wamelifunga kwa majani makavu ya mgomba, kwa sababu jiwe hilo hata ukucha unalikwaruza.

Wazungu wakaja na kuondoka, mmoja akimwachia mwingine. Uhuru ulipofika wa mwisho akaondoka na masanduku yake. Serikali mpya ikaitumia nyumba kidogo kama ofisi, halafu ikaiacha, ikamwambia baba mkwe aichunge mpaka watakapokuja kuamua. Akaichunga mpaka akafa, na walikuwa hawajaja kuamua.

Mimi niliolewa akiwa ndio ameanza kuichunga. Sasa nieleze jambo moja la kwetu Gusii ili muelewe. Kuna heshima tunaiita chinsoni. Mke wa kijana hafiki mahali baba mkwe wake analala, na baba mkwe naye hafiki mahali mke wa mwanawe analala. Katika nyumba zetu za zamani hilo halikuwa gumu. Kulikuwa na eero, chumba cha wageni, halafu kizuizi, halafu ndani. Ukifika kwenye kizuizi unajua umefika. Hata mbuzi walijua.

Lakini nyumba ya mzungu haikusema. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anakaa nasi chini katika nyumba yake mwenyewe, alipanda kwenda kuangalia wiki ile nilipoletwa. Akasimama kwenye ushoroba, akaona mlango, na mlango, na mlango mwingine. Eero inaishia wapi? Hakujua. Kumuuliza mumewe mbele ya watu analala chumba gani, na neno hilo lifike kwa mke wa kijana, aliona ni aibu juu ya aibu. Akashuka akaniambia, "Paa ni moja. Anapolala ni ndani ya paa hilo. Wewe mwisho wako ni ngazi."

Nikasema ndiyo, mama. Ungesema nini?

Wifi yangu, kitinda mimba wao, alikuwa bado anang'oka meno. Mtoto hana chinsoni. Alipanda na kushuka huko atakavyo. Mimi nilikuwa nabeba chakula cha mzee, ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, nafika kwenye ngazi naita. Mlango unafunguka kiasi cha mwili wa mtoto tu, mkono unatoka, sahani inaingia, mlango unafungwa kwa kisigino. Halafu nasikia miguu yake ikikimbia juu ya mbao, tu-tu-tu-tu, inaenda mbali, mbali sana, kama nyumba haina mwisho. Nikishuka kilima nilikuwa nahesabu kichwani vyumba ambavyo sijaviona.

"Leo nimelala ndani ya bafu," aliniambia siku moja, akijilamba mchuzi vidoleni. "Ni la chuma. Lina miguu kama ya chui."

"Muongo wewe."

"Basi njoo uone." Akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu alijua siwezi.

Alikua, akaolewa huko upande wa Kenyenya. Nitasema ukweli, siku ile alipoondoka nilipumua. Lakini hakukaa. Watoto hawakuja, na watu wa mume wakaanza kusema maneno, naye akarudi na sanduku moja wakati baba yake alikuwa amedhoofika. Mzee alipokufa, yeye ndiye aliyeendelea kuichunga nyumba. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyemkataza. Kila Ijumaa kabla ya Sabato alifungua madirisha yote ili hewa iingie, na jioni akayafunga moja moja. Mimi nikiwa kwenye chai niliona yakifunguka, hili, lile, lile, kama mtu anayefumbua macho.

Mzee alikuwa hayupo tena, mtaniuliza, kwa nini sikuingia? Nilimuuliza wifi swali hilo hilo, tukirudi kanisani.

"Kitanda chake bado kiko," alisema.

"Kitanda si mtu."

"Mama alikwambia mwisho wako ni ngazi. Amekwambia vingine?"

Mama mkwe alikuwa ameshakufa pia. Angeniambia vipi? Nilimlalamikia mume wangu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia, maana mwana naye ana chinsoni na baba yake, na wala hakujali. "Nyumba ya popo hiyo," alisema. "Unataka nini huko?" Sikuweza kumwambia ninataka nini.

Wageni walianza kuja. Walimu na wanafunzi wao, mapadri, mzungu mmoja mzee aliyesema alizaliwa humo, akalia kwenye veranda. Wote walielekezwa kwa wifi. Watu wakamwita Mama wa Nyumba ya Mawe. Mimi nina watoto, nina wajukuu, nina chai yangu na ndizi ninazopeleka soko la Daraja Mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniita mama wa kitu kingine zaidi ya mtoto wangu wa kwanza. Wageni wakifika mimi ndiye niliyechemsha chai. "Wifi, leta chai!" Alikuwa anaita kutoka ndani. Sauti yake ikipita katika vyumba vile ilikuwa inanenepa. Akiwa chini kwetu ana sauti nyembamba ya kawaida kabisa.

Mwaka huu ndio wakaja watu wa kaunti. Wanataka kuirekebisha nyumba iwe mahali pa wageni kulala na kuona milima. Walikuwa vijana wawili wa kupima na msichana mmoja aliyesomea majengo ya zamani, amevaa suruali na kofia ngumu. Walitaka wazee wa kuwaeleza nyumba ilivyokuwa. Walimtumia wifi habari. Mimi hawakunitumia. Nikavaa nguo yangu ya Sabato, siku ya Jumanne, nikapanda.

"Shikamoo, nyanya," msichana alinisalimu.

"Marahaba, mwanangu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani. "Huyo ni mke wa ndugu yangu," alisema. "Yeye hajui ndani."

"Najua nje," nikasema.

"Ndiyo, nje anajua," alisema wifi, na wale vijana wakacheka, si kwa ubaya. Nikakaa kwenye ngazi. Nikawasikia wakiingia, na wifi akianza: hapa walikula, hapa bwana aliweka bunduki, hapa mke wake alipanga vikombe na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Alivitaja vikombe kana kwamba vilikuwa vyake. Nilichuma majani madogo kwenye nyufa za ngazi nikayatupa.

Walipomaliza wakatoka, wakazunguka kwenda nyuma, upande wa bonde. Upande huo sikuwahi kwenda. Kulikuwa na kichaka, na mzee alikuwa anapenda kukaa huko, kwa hiyo mke wa kijana hakuwa na kazi huko. Safari hii niliwafuata. Nilikuwa nimechoka kusikiliza ukuta.

Kulikuwa na mlango mdogo nyuma, wa mbao, umeanguka nusu. Wifi akaingia, akajaa ndani, maana ni chumba kidogo. "Hapa ndipo baba yangu alipolala," alisema. "Miaka yake yote. Hii misumari ilikuwa ya koti. Hapa aliweka taa. Kitanda chake ndicho hiki."

Kijana mmoja alikuwa anavuta utepe wa kupimia. Msichana akagonga ukuta wa ndani kwa mkono. "Na kutoka hapa kwenda ndani ya nyumba, nyanya, mlango ulikuwa wapi? Ulizibwa?"

"Hapakuwa na mlango," wifi alijibu kwa ile sauti yake ya kujua. "Ukuta ni mmoja kutoka chini mpaka juu. Ilikuwa stoo ya matandiko ya farasi, na farasi hawapitii sebuleni. Baba akitaka kuingia nyumba kubwa alitoka huku, akazunguka nyumba yote, akafungua mlango wa mbele."

Alipomaliza kusema ndipo akaniona nimesimama nyuma yao.

"Wifi," nikasema. "Mzee alikuwa analala hapa?"

Akaigeukia ile misumari ya koti.

"Siku zote?"

"Alisema vyumba vile vikubwa vina mwangwi. Alisema ni mali ya serikali, mtu akikoroma huko anaikoromea serikali."

"Na huku hakuna mlango wa kwenda huko. Kumbe kizuizi kilikuwepo, ni ukuta huu."

"Si umeona."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto mpaka lini?"

Vijana wa kaunti wakaangalia utepe wao kama wameandikiwa kitu hapo. Mimi nikageuka. Sikujua kama nina hasira au nina furaha, vyote vilikuwa vimekaa mahali pamoja. Nikazunguka nyumba njia ile ile mzee aliyoizunguka, magoti yakinilaumu, nikafika mbele, nikapanda ngazi na kuzipita.

"Ngoja! Ngoja!" Wifi alikuwa ananifuata mbio. "Ubao umeoza hapo, pita kando. Kando, nakwambia. Sasa kulia."

Hata kuingia kwangu alitaka kukuongoza yeye.

Nyumba ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Katika kichwa changu ilikuwa haina mwisho, na sasa mwisho wake niliuona. Mavi ya popo sakafuni. Dari la mbao limening'inia upande mmoja. Lakini sebule bado ilikuwa na heshima yake, madirisha marefu ya vioo vidogo vidogo, mwanga ukianguka sakafuni vipande vipande, na ukutani yale meko ya Tabaka, meupe, mazima. Nikaweka mkono. Baridi kama jiwe la mtoni.

"Haya ni mawaridi," wifi alimwambia msichana, ambaye alikuwa ameingia nyuma yetu. Alikuwa anaonyesha maua yaliyochongwa pembeni mwa meko. "Yule mama alipenda mawaridi. Aliagiza yachongwe."

Nikainama nikaangalia. Nikaangalia tena.

"Wifi, hili ni ua la malenge."

"Ni waridi."

"Angalia petali zake. Tano, ndefu, zimefunguka kama tarumbeta. Na hili jani? Na huu mkia uliojikunja? Waridi linatambaa? Hilo ni malenge, yule fundi hakuwa ameona waridi maishani mwake. Aliambiwa achonge ua, akachonga analolijua."

Msichana akapiga magoti, akaangalia, akacheka kwa sauti, akapiga picha. Wifi akavaa miwani. Alilitazama lile ua muda mrefu. Tangu alipokuwa mtoto alikuwa analiita waridi. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Furaha hiyo haikufika chumba cha pili. Kila tulipoingia alikuwa na kitu cha kusema. Bafu lilikuwepo, na miguu ni ya chui kweli. "Hapa nilijificha siku mama alipotaka kunipiga." Chumba cha kulala: "Hapa niliugua surua, baba akanifunika kwa pazia." Ushorobani: "Hapa nilijifunza kuruka kamba." Mimi nilikuwa naona kuta. Yeye alikuwa anaona siku zake. Kuingia nilikuwa nimeingia, na bado nyumba ilikuwa yake, hata zaidi ya nilipokuwa nje, kwa sababu nje nilikuwa nadhani ninachokosa ni kuona tu.

Msichana na vijana wakabaki nyuma wakipima. Tukawa wawili.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Neno moja tu. Ungesema mzee halali huku. Mama angesikia, angeniachilia."

Alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye chumba kidogo cha mwisho, upande jua linakozama, ambacho walikuwa wanawekea nguo. Kilikuwa na dirisha moja dogo. Akafuta kioo kwa upindo wa kitambaa chake, kile kipya.

"Angalia," alisema.

Nikaangalia. Chini kulikuwa na mistari ya chai, halafu migomba, halafu boma langu. Mlango wa jiko langu. Kamba ya nguo. Mahali penye jiwe ambapo niliogeshea watoto wangu wote.

"Niliporudi kutoka Kenyenya," alisema, "jioni nilikuwa nasimama hapa. Unamshika mmoja unampaka sabuni, mwingine anakimbia uchi anaingia kwenye chai, unamfuata na kata mkononi. Nilikuwa nacheka humu peke yangu. Wewe ulikuwa nao wote wale. Na ndugu yangu. Ungeingia humu pia, mimi ningebaki na nini?"

"Ungeshuka," nikasema. "Mtu anaingia kwa ndugu yake bila kuitwa."

"Hilo ni neno la mtu mwenye watoto."

Nilitaka kumhurumia, na nilimhurumia, kidogo. Lakini nilikuwa nafikiria pia zile jioni zote, mimi nikiinua macho kutoka kwenye beseni na kuyatazama madirisha haya, yeye akiwa nyuma ya kioo ananiona, na hakuwahi hata kupunga mkono.

Kutoka sebuleni msichana akaita kwamba mvua inakuja na wanataka kuondoka, na wangependa tupigwe picha sote wawili pale nje. Wifi akanyoosha kitambaa chake kichwani.

"Twende," alisema.

"Nenda. Mimi bado."

Hakwenda. Alisimama nyuma ya bega langu, na baada ya kidogo akaanza kuniambia kioo hiki kiliwekwa na nani, na kilichokuwepo kabla yake kilivunjwa na nini.

"Wifi," nikamwambia, "nyamaza. Hiki acha nikione mwenyewe."

Akanyamaza. Nilisikia ilivyokuwa kazi kwake. Boma langu lilikuwa zuri kutoka hapo, sikuwahi kujua, limekaa ndani ya migomba na moshi mdogo juu yake, na wivu ukanishika tena, safari hii hata sikujua ni wa nani. Mke wa kijana wangu alitoka jikoni na beseni, akamwaga maji kwenye mboga, akalikung'uta, akarudi ndani bila kuangalia juu.